Kipimo cha nyumbani na cha maabara havilingani: tuamini kipi?

Binti wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Ninamuuguza mamangu, mwenye umri wa miaka 64, ambaye ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka kumi na mmoja. Anatumia metformini pamoja na insulini ya mchanganyiko, anayojidunga asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayemtoboa kidole, kumpima kwa mashine ya nyumbani na kuyaandika majibu katika daftari ambalo tunakwenda nalo kliniki. Muda wote huo niliziandika namba kama zilivyotoka, bila kuwaza kwamba namba yenyewe yaweza kuwa na walakini, mpaka wiki iliyopita yalipotokea mambo mawili.

La kwanza ni la Jumatatu. Tulikuwa tumelala kwa dadangu Likoni, na mamangu akatolewa damu ya mshipa katika kituo kidogo cha huko huko, saa moja na robo asubuhi, kabla hajatia chochote kinywani. Dakika hiyo hiyo nilimpima kidoleni kwa mashine yetu, nayo ikasoma 8.4. Majibu ya maabara yalipoletwa jioni, yalisema 6.9. Kakangu aliposikia alisema mashine ni mbovu na itupwe. Jirani yetu akatuazima ya kwake, ambayo ni ya kampuni nyingine, na kesho yake alfajiri tukapima kwa zote mbili kutoka tone la kidole kimoja: yetu ikasoma 8.7, ya jirani 7.6. Sasa nimebaki na namba nyingi na sina hakika na hata moja.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Alhamisi jioni, kabla ya chakula, mashine yetu ilisoma 14.2. Mamangu alishtuka, akaongeza yuniti nne za insulini juu ya dozi yake kwa makadirio yake mwenyewe, nami sikumzuia, kwa kuwa namba nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Saa tisa za usiku nilisikia akiniita kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilimkuta kanga imemganda mwilini kwa jasho, vidole vinatetemeka na maneno yanamtoka nusunusu. Nilimpima, ikawa 2.9. Nilimkorogea sukari kwenye maji akanywa, na baada ya muda akarejewa na hali yake, alhamdulillahi. Lakini tangu usiku ule kila nikiishika mashine hii najiuliza kama ile 14.2 ilikuwa ya kweli, na kama haikuwa, nitajuaje ya kuamini siku nyingine. Naomba mwenye ujuzi anieleze, hasa kama kuna haja ya kununua mashine mpya, maana stripu zenyewe si za bei rahisi na sitaki kununua kwa kubahatisha.


Mtu wa Maabara

Waaleikum salaam dada, na poleni kwa mliyoyapitia, wewe na mama. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka kumi na saba, na watu wenye namba mbili zisizolingana hufika dirishani kwetu karibu kila wiki. Niruhusu nianze na zile mashine mbili, kwa sababu hapo jambo ni jepesi kuliko linavyoonekana.

Hakuna mashine ya nyumbani inayotakiwa kutoa namba ile ile ya maabara. Kiwango cha kimataifa kinachofuatwa na watengenezaji, yaani ISO 15197 katika toleo lake la mwaka 2013, kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15, juu au chini, ya kipimo cha maabara pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi; na inapokuwa chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. (Namba zangu zote ni za milimoli kwa lita, kama mashine nyingi za hapa Kenya zinavyosoma.) Toleo la mwaka 2003 lilikuwa linaruhusu asilimia 20 katika viwango vya juu, kwa hivyo mashine za kizazi kile zilikuwa na uhuru mkubwa zaidi. Sasa tuchukulie kwamba sukari ya mama alfajiri ile ya Jumanne ilikuwa 8.0 barabara. Mashine moja ingeweza kusoma 6.8 na nyingine 9.2, na zote mbili zikawa hazijavunja kanuni yoyote. Hizo 8.7 na 7.6 zenu zimo ndani ya mpaka huo kwa nafasi ya kutosha, na mimi kwa tofauti hiyo nisingeitupa hata moja. Zingatia pia kwamba kiwango kinasema asilimia 95, wala hakisemi mia, maana yake jibu moja katika ishirini linaruhusiwa kutoka nje ya mpaka. Ndiyo sababu namba moja ya ajabu hurudiwa kabla ya kufanyiwa jambo lolote.

Tuje kwenye 6.9 ya maabara. Watu hudhani kwamba maabara ndiyo mizani isiyokosea, na mimi ninayekula kwa kazi hiyo nataka niseme wazi kwamba mashine yetu kubwa hupima vizuri sana kile kilichoifikia, lakini haijui kilichoipata damu njiani. Damu ikishatolewa, chembe zake huendelea kuishi ndani ya kichupa, na zinaendelea kula sukari iliyomo humo, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa katika joto la kawaida la chumba. Kichupa kikikaa juani au ndani ya begi lenye joto, kasi huzidi. Tunalizuia jambo hilo kwa kuizungusha damu mapema kwenye mashine ili plazma itengane na chembe, au kwa kutumia kichupa chenye floridi, kile cha kifuniko cha kijivu. Na hata floridi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili kabla ya kuzima kabisa ulaji huo. Kwa hivyo nina maswali mawili: kichupa alichotiliwa damu mama kilikuwa na kifuniko cha rangi gani, na damu ile ilifanyiwa kazi hapo hapo Likoni au ilivushwa kwa feri hadi kisiwani Mombasa?

Jambo jingine, kwa faida ya siku nyingine. Mlifanya vizuri kulinganisha wakati hajala. Baada ya chakula, damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa, kwa sababu ya kidole inatoka kwenye upande unaopeleka sukari mwilini na ya mshipa inarudi baada ya misuli kuchukua sehemu yake. Mtu aliyekula mahamri na mbaazi saa moja na nusu kabla ya kupimwa anaweza kupata tofauti kubwa kati ya kidole na mkono, na vipimo vyote viwili vikawa sahihi.


Mzee wa Mtongwe

Ninaishi na sukari tangu mwaka 2003, na naomba niongezee jambo ambalo wataalamu hulitaja kwa haraka ilhali kwa sisi watu wa pwani ndilo kubwa, nalo ni unyevu.

Kila stripu ina kimeng'enya kilichokaushwa juu yake, na kimeng'enya hicho ndicho kinachokutana na sukari ya damu na kuzaa umeme mdogo ambao mashine huusoma. Kikipata unyevu au joto kingi kabla ya siku yake, kazi yake huharibika, na majibu yanaweza kwenda juu au chini bila mashine kutoa onyo lolote. Ndiyo sababu kopo la stripu lina ile dawa ya kukausha hewa ndani yake, na ndiyo sababu kifuniko kinabana hata ukikifungua husikia mlio. Kopo langu limeandikwa lisikae penye joto linalozidi nyuzi 30, na kila mtu aliyekaa Mombasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, anajua kwamba chumba cha bati hupita hapo kabla ya adhuhuri.

Mimi niliumia kwa kutojua. Kulikuwa na kemisti mmoja aliyekuwa akiuza stripu moja moja, na kwa kuwa kopo zima lilikuwa linanishinda, nilinunua kumi zilizofungwa katika karatasi ya kaki. Nilizitia mfuko wa shati, nikavuka nazo feri kwenda kazini na kurudi kwa siku nne. Kila nikijipima napata 12, 13, nami najijua kwamba sijala cha kunipeleka huko. Nilijinyima chakula mpaka nikawa dhaifu. Mwishowe muuguzi wa kliniki alichukua moja ya stripu zile, akaitia tone la yale maji maalumu ya kuhakiki mashine, ambayo kiasi chake cha sukari kinajulikana. Ubavuni mwa kopo la stripu huwa pamechapishwa namba mbili ambazo jibu la maji hayo linatakiwa liwe katikati yake. Langu lilizipita zote. Alipotumia stripu ya kopo jipya, likakaa katikati sawasawa, kwa mashine ile ile. Tangu siku hiyo sijanunua stripu iliyotoka nje ya kopo lake, na sitanunua.

Kwa hivyo dada, kabla ya kuihukumu mashine, tazama kopo. Linakaa wapi? Lilifunguliwa lini? Stripu nyingine hutakiwa zimalizwe ndani ya miezi mitatu au sita tangu kopo kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapishwa bado iko mbali. Mimi huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya kifuniko. Wala usiliweke kopo kwenye friji ukidhani unalihifadhi, kwa sababu likitolewa baridi na kufunguliwa katika hewa yetu, umande huingia ndani.


Binti wa Kibokoni

Nawashukuru sana. Mtu wa Maabara, vichupa vilikuwa viwili, kimoja cha kifuniko chekundu na kingine cha zambarau. Damu haikufanyiwa kazi Likoni. Kijana wa pikipiki alikuja kuichukua sisi tukiwa bado tumekaa pale, saa tatu unusu, na kwa foleni ya feri ya asubuhi ile sidhani alifika kisiwani kabla ya saa nne na nusu. Katika majibu yale kulikuwa pia na kipimo cha miezi mitatu, kile cha kuonyesha wastani wa sukari, nacho kilisema asilimia 7.4.

Mzee wangu, umenifumbua macho na umenitia haya. Kopo letu linakaa jikoni, juu ya rafu iliyo karibu na jiko la gesi, kwa sababu ndipo mahali pa juu ambapo watoto hawafiki. Nimekwenda kulitazama sasa hivi, nikakuta kifuniko kimewekwa juu tu bila kubanwa. Sikumbuki lilifunguliwa lini.

Jambo ambalo sijalielewa ni kwamba asubuhi majibu hayapishani sana, huwa kati ya 7.5 na 9, ilhali namba za kutisha, kama ile 14.2, nimezikuta katika daftari jioni za Jumatano na Alhamisi tu, na kwa wiki tatu hizi za karibuni. Kama ni stripu zilizoharibika, mbona ziharibike jioni?


Muuguzi wa Zamu

Dada, hilo swali lako la mwisho ndilo lenye jibu. Mama hufanya nini mchana wa Jumatano na Alhamisi?


Binti wa Kibokoni

Hutengeneza tende. Anazinunua kwa katoni pale Marikiti, tunazitoa kokwa, anatia lozi ndani, na Ijumaa zinapelekwa kwa wateja. Maagizo ya Ramadhani yameanza wiki tatu zilizopita.

Baada ya kuandika sentensi hiyo nimekaa kimya kwa muda.


Muuguzi wa Zamu

Usijilaumu, dada. Nimeona jambo hili kwa watu waliosoma kuliko sisi sote hapa.

Tone linaloingia kwenye stripu ni dogo mno, kwa mashine nyingi za sasa ni kama nusu ya sehemu moja ya milioni ya lita. Sukari iliyomo ndani ya tone hilo, kwa mtu aliye na 8, haifiki hata maikrogramu moja. Kwa hivyo utando wa tende uliokauka pembeni mwa ukucha, ambao jicho halioni na kidole hakihisi kama kinanata, unatosha kuongeza jibu kwa nusu yake au zaidi. Na tende ni mbaya kuliko vitu vingi katika jambo hili, kwa sababu mashine hutambua glukosi, na tende laini zimejaa glukosi yenyewe, kama vile asali na zabibu. Sukari nyeupe ya dukani ni sukari ya namna nyingine, ambayo hugawanyika na kuwa glukosi ikishafika tumboni, kwa hivyo chembe chache zake juu ya kidole hazidanganyi mashine kwa kiasi hicho. Lakini sitaki mtu achukue maneno hayo kuwa ruhusa ya kutonawa.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Diabetes Care majaribio waliyofanya kwa watu wasio na ugonjwa wa sukari, waliomenya machungwa, zabibu na kiwi kisha wakapimwa kidoleni. Vidole visivyonawiwa vilitoa namba za mgonjwa wa sukari. Jambo lililonishangaza mimi kama muuguzi ni kwamba kufuta kwa pamba yenye spiriti, hata kwa kurudia, hakukutosha kurudisha namba mahali pake, ilhali kunawa kwa maji ya bomba kulitosha. Hospitalini tumezoea pamba ya spiriti na tumewazoesha wagonjwa hivyo, kumbe kwa kazi hii maji na sabuni ndiyo dawa, na kidole kikaushwe vizuri, kwa sababu maji yakibaki huchanganyika na tone na kulipunguza nguvu. Mahali pasipo na maji, toboa, ufute tone la kwanza kwa pamba kavu, utumie la pili, na usikikamue kidole kwa nguvu.

Sasa naomba tuseme juu ya usiku ule wa 2.9, kwa sababu ndio ulioniweka hapa kuandika. Chukua ule mpaka alioueleza Mtu wa Maabara. Katika namba za chini, 0.83 juu au chini ya kipimo cha kweli ndiyo ruhusa ya mashine, kwa hivyo sukari ya mama huenda ilikuwa karibu 2.1 au karibu 3.7. Zote hizo ziko chini ya 3.9, ambayo ndiyo alama ya kusema sukari imeshuka, na zote zinataka tendo lile lile ulilolifanya. Pale namba ilipoonyesha hatari na mwili wa mama ukaonyesha hatari ile ile, mashine ilikuwa sahihi kwa kazi iliyohitajika. Ninachoogopa ni hali ya kinyume, yaani mtu anatoka jasho na kutetemeka, mashine inasoma 4.4, na watu wa nyumbani wanasema yuko salama kwa kuwa amepita 3.9. Mtu huyo huenda ana 3.6. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, akiwa na dalili za kushuka, hupewa sukari kwanza na hesabu hufuata baadaye: gramu 15, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chai katika maji, kisha subiri dakika 15 umpime tena, ukiwa umemnawisha vidole. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote kinywani, mpeleke hospitali mara moja.

Kuhusu kuongeza insulini, nitasema bila kuzungusha maneno kwa kuwa maisha ya mama yamo ndani yake. Namba isiyotarajiwa hurudiwa kabla ya dozi kubadilishwa: mikono inanawiwa, kidole kingine, stripu nyingine. Ni kweli stripu zina gharama, lakini hiyo ni stripu moja. Na kiasi cha kuongeza, hata namba ikiwa ya kweli, ni cha kupangwa na daktari wake kabla ya siku ya shida, kiandikwe katika lile daftari. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayofanya kazi kwa saa nyingi, na ndiyo iliyomkuta usingizini.

Mwisho, kwa kuwa umetaja Ramadhani: kama daktari atamruhusu mama kufunga, kumbuka kwamba wanazuoni wamekwisha kueleza kuwa kutoboa kidole kwa kupima hakuharibu saumu, na kwamba miongozo ya madaktari inataka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6. Nami kila mwaka hukutana na watu waliojipima magharibi, dakika chache baada ya kushika tende ya kufungulia. Pima kabla ya kuishika, au nawa kwanza.


Mama wa Wawili

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu wa pili ana selimundu, na mamangu mzazi ana sukari, kwa hivyo nyumbani kwetu maneno haya yote mawili yapo. Je, wingi wa damu mwilini unabadilisha majibu ya mashine? Niliwahi kuambiwa hivyo kliniki kwa haraka na sikupata kueleweshwa.


Mtu wa Maabara

Naam, unabadilisha. Chembe nyekundu hukaa njiani mwa plazma inayokwenda kwenye kimeng'enya, kwa hivyo mtu aliyepungukiwa sana na damu mara nyingi husomwa sukari iliyo juu kuliko ilivyo, na mwenye chembe nyingi kupita kiasi husomwa chini. Mashine za sasa nyingi hurekebisha jambo hilo, lakini ndani ya mipaka, na mipaka hiyo imeandikwa katika kile kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la stripu, kwenye neno hematokriti, yaani kiasi cha chembe nyekundu katika damu. Mjamzito mwenye upungufu wa damu, mgonjwa wa figo na mwenye selimundu ni watu ambao daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuziamini namba zao. Kwa watu hao hata kipimo cha miezi mitatu hupotosha, kwa sababu chenyewe hupima sukari iliyoganda kwenye hemoglobini, na chembe zisizoishi umri wake kamili hazipati muda wa kukusanya sukari hiyo.

Sasa nirudi kwa Binti wa Kibokoni. Kifuniko chekundu hakina floridi. Damu iliyotolewa saa moja na robo na kuzungushwa baada ya saa nne na nusu imekaa na chembe zake kwa zaidi ya saa tatu. Ukipunguza asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa, iliyokuwa 8.2 hufika karibu na 6.9 kwa urahisi kabisa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa, kwa sababu sikuwapo, lakini ile 8.4 ya mashine yenu ninaiona ina nguvu zaidi kuliko 6.9 ya karatasi. Kipimo cha miezi mitatu, kilichotoka kichupa cha zambarau, kinaniunga mkono: chenyewe hakiharibiki kwa kuchelewa kwa saa chache, na 7.4 hulingana na wastani wa karibu 9.2 kwa siku nzima, jambo ambalo linaendana na mtu anayeamka na 8 kuliko anayeamka na 6.9. Siku nyingine mnapokwenda kupima sukari ya mshipa, nendeni palipo na maabara yenyewe, na muulize kwa adabu kama damu itazungushwa ndani ya nusu saa. Mtu wa maabara anayeijua kazi yake hatachukia kuulizwa.

Kuhusu mashine mpya, usinunue bado. Badilisha kopo la stripu kwanza, na uombe kupimiwa kwa maji ya kuhakiki pale kliniki. Na ukiletewa mashine ya zawadi kutoka Dubai au kwingineko, kama inavyotokea katika nyumba nyingi za hapa, tazama kipimo chake kabla ya kushtuka, kwani nyingine husoma kwa miligramu. 144 ya huko ni 8.0 yetu, unagawanya kwa 18. Ulizia pia kama stripu zake zinapatikana Mombasa, maana stripu za kampuni nyingine hazitaifaa.


Binti wa Kibokoni

Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka nije na kitu mkononi.

Tulinunua kopo jipya, nimeandika tarehe juu ya kifuniko kama alivyosema Mzee wa Mtongwe, na sasa linakaa chumbani ndani ya kabati la nguo, mbali na jiko. Jumanne muuguzi wa kliniki alitutilia maji ya kuhakiki katika mashine yetu kwa stripu mpya, na jibu likaangukia katikati ya zile namba mbili. Nilikuwa na stripu sita zilizobaki katika kopo la zamani, akajaribu moja, ikasoma juu kidogo ya namba ya mwisho. Akaniambia nizitupe, nikazitupa mbele yake.

Jana Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mamangu alikuwa amemaliza katoni ya pili. Nilimwomba aniruhusu nimtoboe mara tatu, akakubali. Alikuwa ameshafuta mikono kwa kitambaa na akanionyesha viganja, akasema ni safi, na kwa kweli kwa macho vilikuwa safi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kabla ya kunawa: 15.1. Kidole cha kati cha mkono ule ule, baada ya kukifuta kwa pamba ya spiriti na kuacha kikauke: 11.3. Halafu alinawa kwa sabuni mikono yote miwili bombani, akasugua chini ya kucha kwa brashi ndogo, akajikausha kwa taulo safi, na cha mkono wa kushoto kikasoma 8.8. Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho hazikupita dakika saba.

Mamangu aliitazama ile 8.8 kwa muda mrefu. Kisha aliuliza ni mara ngapi katika wiki hizi tatu ameongeza insulini kwa ajili ya tende. Tulifungua daftari tukahesabu, zikawa mara nne. Tumezipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili daktari azione, na tuna miadi naye Jumatano ya wiki ijayo, ambapo tutamuuliza pia kuhusu dozi na kuhusu saumu. Kakangu ameirudisha mashine ya jirani, na karibu na beseni la kunawia nimeweka sabuni na taulo ambalo halitumiwi kwa kazi nyingine.